Kiti cha Chuo si Kihamba

Barua ya wazi kwa wadhamini na wakuu wa udahili wa vyuo vikuu binafsi vya Marekani

Houston, Texas

Waheshimiwa,

Salamu kwanza. Hoja yangu kubwa ni hii: acheni kuwapendelea watoto wa wahitimu wenu katika udahili, kana kwamba kiti cha chuo ni kihamba, shamba la ukoo la sisi Wachagga. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayogombania nikiwa na hoja, na pia kwa kuwa vyuo vyenu vingi vina mwalimu wa Kiswahili mnayemlipa mshahara. Mwiteni awasomee. Asipopatikana, ulizeni jikoni au kwenye maegesho ya magari, hamtakosa Mbongo au Mkenya.

Mimi ni Mchagga wa Rombo. Nilifika hapa 1999 kwa bahati nasibu ya viza, nikabeba boksi kama walivyobeba wenzangu, na miaka hii yote nahudumia wazee, zamu ya usiku. Nina watoto wawili. Binti yangu aliomba chuo mwaka 2020, kabla ya hukumu ya Mahakama ya Juu iliyowakataza kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi. Mdogo wake aliomba 2024, baada ya hukumu. Kwa hiyo meza yangu ya jikoni imeziona zama zote mbili.

Usiku wa binti naukumbuka vizuri. Kompyuta iko mezani, pembeni sahani ya ndizi nyama imeshapoa. Akafika kwenye visanduku vya rangi na asili. Kimoja kimeandikwa Mweusi au Mmarekani wa asili ya Afrika. Akaniuliza, "Baba, hiki ndicho sisi?" Nikamjibu kwa ukali wa mtu anayechelewa kazini: "Mwafrika wewe, umezaliwa Marekani wewe, unatafuta kisanduku gani kingine? Tia." Akatia. Mbele kidogo kuna mahali pa kuandika wazazi walisoma chuo gani. Akaandika kwamba hatukusoma chuo, mimi wala mama yake, akaendelea. Usiku ule niliona kile kisanduku cha kwanza ndicho chenye uzito. Imenichukua miaka kuelewa kwamba uzito ulikuwa kwenye swali la wazazi.

Alichaguliwa. Chuo cha kaskazini mashariki, chenye mnara na majani yanayotambaa ukutani, ada karibu yote wakalipa wao. Tulichinja mbuzi shambani kwa ndugu mmoja nje ya mji. Sijutii, wala sirudishi.

Lakini ninafanya zamu moja na dada mmoja, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Louisiana. Aliponisikia alinikumbatia na kunipongeza kwa moyo wote. Baadaye, tukiwa tunabadilisha shuka za mzee wa chumba cha mwisho, akasema bila kuniangalia: "Ninyi mlikuja kwa ndege. Mlikuwa na pa kurudi." Mwanawe alikuwa rika moja na binti yangu, na alama zake darasani hazikupishana sana na za wangu. Aliishia chuo kidogo cha karibu na kwao. Kwenu hakuomba kabisa, maana shuleni kwake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mpo.

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma historia ya kile kisanduku, saa za alfajiri wazee wakiwa wamelala.

Kisanduku kile hakikuwekwa kwa ajili yangu. Kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao hata mwaka 1962 walihitaji askari wa serikali kuu ili mmoja wao, James Meredith, aingie Chuo Kikuu cha Mississippi, na usiku huo watu wawili wakafa katika ghasia. Baada ya hapo vyuo vikaanza kuwatafuta vijana Weusi kwa makusudi, kama mtu anayeanza kulipa deni. Kisha mwaka 1978 ikaja kesi ya Allan Bakke, mzungu aliyekosa nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, ambako viti 16 kati ya 100 vilikuwa vimetengewa makundi ya wachache. Mahakama ya Juu ikakataza kutenga viti, ila ikaruhusu rangi iwe kigezo kimojawapo kati ya vingi. Sababu iliyopona katika hukumu ile haikuwa deni. Ilikuwa faida ya darasa lenye watu wa kila aina.

Waheshimiwa, hapo ndipo mlipotuingiza sisi. Deni lina mwenyewe, huwezi kumlipa jirani ukasema umelipa. Ila ukitafuta mchanganyiko wa rangi darasani, Mweusi yeyote anatosha, na yule ambaye babu yake alikuwa na shamba lake la kahawa mlimani mara nyingi ni rahisi zaidi kumpata kuliko yule ambaye babu yake alinyimwa mkopo wa nyumba. Utafiti uliochapishwa 2007 uliwaangalia wanafunzi Weusi walioanza mwaka 1999 katika vyuo 28 vinavyochagua sana. Asilimia 27 walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, na katika vyuo vya Ivy League, vile vinane vikongwe vya kaskazini mashariki, walifika asilimia 41, ilhali kati ya vijana Weusi wote wa rika hilo nchini walikuwa kama asilimia 13 tu. Hata kabla ya hapo, maprofesa Lani Guinier na Henry Louis Gates walilisema jambo hili hadharani pale pale Harvard. Mlisikia. Picha za kwenye vijitabu vyenu zilikuwa zinapendeza, mkaendelea.

Na mimi niliendelea, tena sisi Waafrika Mashariki ndio tuliopaswa kujua zaidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipozunguka Marekani akitafuta nafasi na nauli za vijana wetu, waliosimama naye mbele ni kina Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Septemba ile wanafunzi 81 wakapanda ndege Nairobi. Baadaye wakafuata wengine wa Kenya, na wa Tanganyika na Uganda pia. Wangari Maathai alikuja kwa mpango huo mwaka 1960. Yaani Wamarekani Weusi walitusaidia kuingia vyuo vya nchi yao wakati ambapo kusini mwa nchi hiyo hiyo kulikuwa na vyuo ambavyo wao wenyewe hawaruhusiwi kukanyaga. Miaka sitini baadaye mtoto wangu anahesabiwa mahali pa mtoto wao, na mimi nachinja mbuzi.

Wala kisanduku chenyewe hakina akili. Mtoto wa Mtanzania aliyekuja kwa viza ya masomo mnamwandika kama mgeni tu, hata awe mweusi kama chungu. Mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Kampala je? Zohran Mamdani, aliyechaguliwa meya wa New York mwaka 2025, alipoomba chuo 2009 alitia alama mbili, ya Mwasia na ya Mweusi au Mmarekani wa asili ya Afrika. Jambo hilo lilipofichuka wakati wa kampeni watu walimrukia kama mwizi wa kuku. Mimi nilicheka kidogo. Fomu ya kuuliza "wewe ni nani" kwa visanduku vichache ikikutana na Mwafrika Mashariki lazima ipate homa. (Chuo kile hakikumchukua.)

Sasa tuje kwenye hukumu. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Mkuu John Roberts, iliwakataza Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina kutumia rangi kama walivyokuwa wakiitumia, na ninyi nyote mkafungwa nayo. Kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp kulikuwa na kilio. Sikulia sana. Nilimfikiria mtoto wa Kichina au wa Kikorea, maana kesi ile ililetwa kwa jina lao, hata kama aliyeiandaa, Edward Blum, hakuwa mmoja wao. Ushahidi wa Harvard wenyewe ulionyesha kwamba waombaji wa asili ya Asia walipewa alama za chini kwenye kipimo cha haiba, ucheshi, ujasiri na mambo kama hayo, na waliowapa alama hizo ni watu wa ofisini ambao wengi wa watoto hao hawajawahi kukutana nao. Jaji wa mahakama ya chini aliyeisikiliza kesi hiyo kwanza, Allison Burroughs, mwaka 2019 hakuona kosa la makusudi. Mimi ni mlinzi wa haki za mweusi ninapokaa, lakini mtoto akiambiwa hana haiba na mtu asiyemjua, huo ni uonevu. Siwezi kuunyamazia kwa sababu umemwangukia mtoto wa mwingine.

Tena naijua hasira ya aliyeachwa. Mwaka 1984 nilimaliza darasa la saba. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu halikuwemo. Mwalimu alimwambia baba waziwazi kwamba kwa alama zile, mkoa mwingine ningekwenda. Serikali iligawa nafasi zake chache kwa mgao wa mikoa na wilaya, na Kilimanjaro tulikuwa tumejazana mlangoni. Nililia nyuma ya banda la ng'ombe. Baba alinifuata, akaniacha nimalize, kisha akasema: "Hapa wamisionari walijenga shule kila kilima. Kuna watoto wa nchi hii wanaoanza safari ya Moshi kwa miguu kutoka mbali. Wewe ulipoanza ulikuwa umeshafika Himo." Akauza ndama akanipeleka shule ya kulipia. Maneno yake yalinichukua miaka kuyakubali, na hata leo sijayakubali yote. Ila jambo moja katika mgao ule halikuniudhi: kila mtu alijua upo. Mwalimu aliusema, wazazi waliubishia vilabuni, wabunge waliugombania. Wenu mliufungia kabatini mpaka mahakama ikavunja kufuli.

Hukumu iliacha kijidirisha. Jaji Roberts aliandika kwamba hakuna kinachokataza chuo kuzingatia mwombaji anapoeleza mwenyewe jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi yahusishwe na sifa zake mtu huyo. Kijidirisha hicho kimeingia nyumbani kwangu.

Mwanangu wa kiume alikuwa ameandika insha kuhusu vitumbua. Mama yake huvipika Jumamosi na kuviuza baada ya ibada, na kijana ndiye mpiga unga tangu ana miaka tisa. Alieleza jinsi unga wa mchele unavyokataa kuumuka siku za baridi, na jinsi alivyopima joto la jikoni kwa kipimajoto cha samaki wake wa kufuga mpaka akapata nyuzi alizozitaka. Insha ile ilikuwa yeye mtupu. Mshauri wa shuleni akairudisha, akamwambia ni nzuri lakini haionyeshi yeye ni nani. Kijana ana akili, alielewa anachotakiwa.

Niliisoma ile mpya saa kumi na moja alfajiri, nimetoka kazini, viatu bado miguuni. Iliandikwa kuhusu siku moja akiwa na miaka 13, mlinzi wa duka alivyomfuata kutoka rafu hadi rafu, kisha akamwamuru ageuze mifuko mbele ya watu. Mfukoni mlikuwa na orodha ya vitu aliyoandikiwa na mama yake. Kwa Kiswahili. Mlinzi akauliza hayo ni maneno gani.

Hakuwahi kutusimulia. Miaka minne mtoto alilala na jambo hilo chumba cha pili kutoka changu, na mtu wa kwanza kulisimuliwa ni mfanyakazi wenu wa udahili, asiyejulikana, mwenye mafaili mengine mia ya kumaliza wiki hiyo. Kama mnataka kujua kwa nini naandika kwa hasira, ni hapo. Mmewageuza watoto wetu wachuuzi wa vidonda vyao, na anayefanikiwa ni yule mwenye kidonda kinachosomeka vizuri.

Kwenye fomu yake nako visanduku vya rangi bado vilikuwepo, ila jibu linafichwa msilione wakati wa kuchagua. Lile swali la wazazi halikufichwa.

Nalo nililielewa siku tulipomtembeza kwenye chuo kimoja. Tulikuwa familia kama kumi, kijana wa chuo anatutangulia akitembea kinyumenyume. Tulipofika bweni moja la mawe, baba mmoja akamshika mwanawe bega akamwonyesha dirisha: "Lile chumba changu. Na babu yako alikaa upande ule." Hakuwa anaringa, alikuwa amefurahi tu. Yule mtoto akatazama dirisha kama anavyotazama mtu nyumba ya kwao. Mwanangu naye akatazama.

Kwetu Uchaggani kuna kihamba. Baba humwachia mwana, migomba humo na makaburi humo humo, na hakuna anayemuuliza mrithi alipata alama ngapi. Ndiyo maana hakuna anayekiita tuzo. Ninyi mnachukua kiti cha darasani, mnakirithisha kama kihamba, halafu mnamtunukia mrithi cheti kinachosema amewashinda wengine.

Takwimu za Harvard zilizotolewa mahakamani na kuchambuliwa na wanauchumi zinasema hivi: kati ya wazungu waliochaguliwa, zaidi ya asilimia 43 walikuwa wanamichezo walioalikwa na makocha, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi, au majina yaliyomo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambako wafadhili huhusika. Kwa Weusi, Waasia na Walatino, kila kundi halikufika asilimia 16. Mtoto wa mhitimu alikuwa na nafasi zaidi ya mara tano ya asiye mtoto wa mhitimu. Na Julai 2023 uchunguzi mwingine, wa vyuo vinavyoongoza nchini, ulionyesha kwamba mtoto wa familia tajiri za asilimia 1 ya juu ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuishia kusoma humo kuliko mtoto wa kipato cha kati mwenye alama zile zile za mtihani. Hata Jaji Neil Gorsuch, aliyekuwa upande wa walioshinda, aliwasuta Harvard kwa upendeleo huu wa watoto wa wahitimu na wafadhili. Sitarajii kukubaliana naye mara nyingi maishani.

Mtaniambia haiwezekani, michango itakauka. Hapa hapa Texas, chuo cha Texas A&M kilipotangaza kwamba hakitatumia rangi, watu walikiuliza kwa nini basi kinawapa alama watoto wa wahitimu. Januari 2004 kikaziondoa. Chuo bado kipo, na ukipita siku ya mpira utadhani ni nchi. Johns Hopkins waliacha, Amherst waliacha 2021, MIT hawana desturi hiyo. Colorado, Virginia, Maryland, Illinois na California zimeshapitisha sheria, nyingine kwa vyuo vya umma tu, nyingine mpaka vya binafsi.

Wala sitawadanganya kwamba kuufunga mlango huo kutarudisha kila kitu. MIT haina urithi, na bado wanafunzi Weusi wa mwaka wa kwanza walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5 katika mwaka wa kwanza baada ya hukumu. Amherst walishuka kutoka 11 hadi 3. Kwa hiyo sidai urithi uondoke kama dawa ya namba. Nadai uondoke kwa sababu hamuwezi kumwambia mtoto wa yule dada wa Louisiana kwamba siku hizi mnamtazama mtu mwenyewe tu, huku fomu yenu inauliza baba yake alisoma wapi. Mtu ambaye babu yake alikatazwa kwa sheria kuingia langoni kwenu atapata wapi urithi wa kuwa mjukuu wa mhitimu?

Chuo kimoja kiliwahi kulijibu swali hilo kwa namna iliyonishangaza. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti waliokuwa wakiendesha Georgetown waliuza watu 272, watoto, wazee na wajawazito, wakapelekwa mashamba ya Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Septemba 2016 Georgetown ikatangaza kwamba wazao wa watu wale watahesabiwa kwenye udahili kama wanavyohesabiwa watoto wa wahitimu. Nilipomsimulia yule dada alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi hata wao walijua hiyo orodha ya warithi ni ya nini."

Ninachoomba hakihitaji kamati ya miaka mitatu. Ondoeni uzito wa urithi na wa michango, na mpaka mtakapouondoa, chapisheni kila mwaka ni wangapi waliopita mlango huo. Tumeni watu kwenye shule kama aliyosoma mtoto wa mwenzangu, tena wasiende mara moja kupiga picha. Waliofanya kazi ya utumwa kujenga vyuo vyenu wana wazao wenye majina, na daftari mnazo ninyi, wala kumtafuta mtu kwa ukoo wake si kumtafuta kwa rangi. Na mtoto akiandika kuhusu vitumbua, msomeeni vitumbua.

Mwanangu hakuja kwenu. Alikuwemo kwenye kundi la juu la darasa lake, na sheria ya Texas ya mwaka 1997 inampa mtoto wa namna hiyo nafasi katika chuo cha umma bila kumuuliza baba yake ni nani. Nayo ina kasoro zake, Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kimeshabana kutoka asilimia 10 ya juu ya darasa mpaka 6 na sasa 5, ila mwanangu aliijua kanuni tangu darasa la tisa.

Binti yangu alihitimu Mei 2025. Maana yake wajukuu zangu, ambao hawajazaliwa, wameshakuwa warithi kwenye mafaili yenu, na mimi mtu wa boksi ni babu wa ukoo. Wiki chache baadaye ikaja barua ya kwanza ya kumwomba mchango, kiasi chochote, na ndani yake bahasha ya kurudishia iliyolipiwa stempu. Ameibandika kwenye friji kwa sumaku ya Mlima Kilimanjaro. Anasema atatia dola zake humo siku lile swali likitoka kwenye fomu. Nimemwambia siku hiyo nitaongeza bei ya mbuzi.

Wenu,
Mzazi wa zamu ya usiku